Pikipiki ya Umeme Inalala Wapi?

Wasikilizaji wa Mbagala, Chamazi, Toangoma na Kijichi, na ninyi wa upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam, Tegeta, Madale, Mabwepande na Bunju, leo tuzungumze habari ya pikipiki ya umeme, na hasa hii ya bei nafuu, ambayo kijana wa bodaboda, muuguzi wa zahanati au mama mwenye duka la vinywaji anaweza kuiwaza bila kuuza kiwanja.

Mtaani zimeshaingia. Inapita mbele ya genge bila mlio, watu wanageuka kuitazama ikiwa imeshawapita. Ikisimama kijiweni, vijana wanaizunguka, wanaichungulia chini ya siti, wanaminya breki, na maswali ni yale yale: inakwenda kilomita ngapi? Ina uzito gani? Inachaji kwa saa ngapi? Ni maswali ya watu wanaojua kazi yao, na jioni hii nitayapitia yote. Lakini baada ya kuzipanda na kukaa na vijana wanaoziendesha, nina hakika kwamba kwa sisi tunaokaa pembezoni mwa jiji kuna swali la nne linaloamua kila kitu, nalo ni hili: usiku pikipiki hiyo italala wapi, na itachomekwa kwenye umeme wa nani? Tutafika huko.

Tuanze na kilomita. Karatasi ya muuzaji itakuambia 80, mwingine 100, mwingine 120. Namba hizo hupatikana kwa kumpandisha dereva mmoja mwepesi kwenye barabara tambarare, akaenda mwendo mdogo usiobadilika mpaka betri iishe. Hakuna abiria, hakuna gunia la mkaa, hakuna foleni ya Mwenge wala matuta ya Mbagala. Iache namba hiyo kwenye karatasi yake. Wewe muulize muuzaji vitu viwili ambavyo kwa kawaida vimeandikwa kwenye betri yenyewe: volti ngapi, na ampea-saa ngapi. Zidisha. Betri ya volti 72 na ampea-saa 20 inakupa wati-saa 1,440, yaani yuniti moja na nusu ya LUKU, kasoro kidogo. Betri ya volti 72 na ampea-saa 45 inakupa wati-saa 3,240, yuniti tatu na kitu. Hapo ndipo utakapojua kama pikipiki mbili zinazofanana kwa rangi na taa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa gawanya. Pikipiki ndogo yenye dereva na abiria, kwa mwendo wa mjini wa kusimama na kuondoka, hula wati-saa 35 hadi 45 kwa kila kilomita. Tuchukue 40. Ile betri ndogo inakupa kilomita 36, ile kubwa inakupa 81. Na betri haipendi kukamuliwa mpaka tone la mwisho kila siku, kwa hiyo bakiza sehemu moja ya tano. Umebaki na kilomita 29 kwa ndogo, 65 kwa kubwa. Kutoka Bunju hadi Posta ni karibu kilomita 30. Mwenye betri ndogo atafika mjini, na pale mjini ndipo atakapotafuta pa kuchomeka.

Nataka mwelewe na hili la mistari ya chaji kwenye dashibodi, kwa sababu linawatisha wengi. Uko unapandisha mlima wa Salasala na abiria nyuma, umeminya mafuta, nasema mafuta kwa mazoea, na mistari inashuka mbele ya macho yako, kutoka minne mpaka miwili. Ukifika juu ukalegeza mkono, inarudi mitatu. Betri haijajijaza. Dashibodi nyingi za bei nafuu hupima msukumo wa umeme, yaani volti, na volti hushuka mota inapovuta umeme mwingi kwa mpigo, kama maji ya bomba la mtaa yanavyopungua nguvu majirani wote wakifungua asubuhi. Tena betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti, ambazo ndizo ninazozipenda kwa joto letu, volti zake hukaa karibu pale pale kwa sehemu kubwa ya matumizi, halafu mwishoni zinaporomoka ghafla. Mistari inakuambia chaji bado ipo, kumbe umebakiwa na kilomita chache. Kwa hiyo dereva mzuri wa umeme anasoma kilomita alizokwisha kwenda tangu achaji, na anaijua betri yake kwa hesabu ya kichwani.

Wengi huuliza kuhusu milima. Wa Madale na Goba wanasema hizi ni pikipiki za watu wa Temeke, huko kwenye tambarare. Mimi naona mambo yako kinyume. Piga hesabu ya mlima wa mita 60 kwenda juu: pikipiki, dereva, abiria na mzigo kidogo, jumla kilo 270. Umeme unaotumika kuinua uzito huo, ukijumlisha na unaopotea njiani, ni kama wati-saa 55. Hiyo ni kilomita moja na nusu tu ya barabara tambarare, na ukishuka upande wa pili unateremka bure. Mlima unachemsha mota na kontrola, kile kifaa kinachoiongoza mota, ukipandwa kwa muda mrefu, hilo ni kweli, na mota dhaifu itakugomea katikati. Lakini mlima haumalizi betri kiasi hicho.

Kinachomaliza betri ni mchanga. Ukitoka kwenye lami ya Mbagala Rangi Tatu ukaelekea Chamazi, ukakata kuingia mitaa ya ndani kuelekea Mbande, gurudumu linazama. Mchanga mlaini unaweza kulikaba gurudumu mara tano kuliko lami, hata zaidi. Kilomita uliyozoea kuipata kwa wati-saa 40 inakula 80, inakula 100. Mwenye petroli hasikii sana kwa sababu tangi lake ni kubwa na kituo kiko njiani. Mwenye umeme anasikia jioni ile ile. Kijana wa kijiwe cha barabarani na kijana wa kijiwe cha ndani wakinunua pikipiki moja ya aina moja siku moja, watakuja na habari mbili tofauti, na wote watakuwa wanasema kweli.

Adui wa pili ni mwendo. Upepo unaokukaba ukiwa kwenye 70 ni mara tatu ya ule unaokukaba ukiwa kwenye 40. Barabara ya Bagamoyo kuanzia Mwenge imenyooka na inamshawishi mtu aifungulie pikipiki yote. Ukikubali ushawishi huo, zile kilomita 65 zitakuwa 45.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji muende pamoja njia yako. Panda na abiria wa uzito wa kawaida, ianze ikiwa imejaa, pita mchanga wako, rudi, halafu ichomeke kwenye soketi yenye mita na usome imekunywa yuniti ngapi mpaka ijae. Gawanya kwa kilomita mlizokwenda. Nusu siku imekwisha, na umepata jibu ambalo hakuna kipeperushi kitakachokupa. Muuzaji anayeiamini pikipiki yake atakubali.

Tuje kwenye uzito. Boxer ya kawaida ya injini ya 150 ina uzito wa kama kilo 120, na miili ya vijana imeshauzoea. Pikipiki za umeme za bei nafuu nyingi zinacheza humo humo, kwa hiyo namba ya jumla haitakusumbua. Cha kuangalia ni betri imetengenezwa kwa nini. Zile za bei ya chini kabisa zina betri za risasi na asidi, sita zimepangwa mfululizo chini ya ubao wa miguu, kila moja kilo saba hivi. Hiyo ni zaidi ya kilo 40 kwa umeme wa yuniti moja na nusu. Betri ya lithiamu inayobeba zaidi ya mara mbili ya umeme huo ina kilo kati ya 20 na 30. Na ya risasi ina tabia nyingine: mota ikivuta kwa nguvu, inatoa pungufu ya ilivyoandikwa. Ukiitumia kwa kuimaliza kila siku, mwaka mmoja na ushee inaanza kuchoka, wakati lithiamu nzuri inahesabiwa kwa mizunguko elfu moja na mia tano, elfu mbili na kuendelea.

Sisemi ya risasi haina kazi. Mwalimu anayekaa Kijichi na kufundisha Mtoni, anayekwenda na kurudi peke yake na kuilaza pikipiki nyumbani kwake, ataipenda na itampunguzia gharama. Lakini kumpa kijana wa bodaboda pikipiki ya betri za risasi, halafu kumdai hesabu ya bosi kila jioni, ni kumtia kwenye deni ambalo hatatoka. Hili nalisema kwa uzito wote, kwa sababu nimeona matajiri wakinunua hizi za bei ya chini kwa ajili ya mkataba, kijana analipa mwaka mzima, na siku ya kukabidhiwa kadi anakabidhiwa na betri zilizokufa.

Jambo jingine ni pale uzito wenyewe unapokaa. Betri iliyowekwa chini inaifanya pikipiki itulie kwenye kona na kwenye tope. Iliyowekwa juu chini ya siti inaifanya iwe na kichwa kizito, hasa abiria akipanda na mtoto mgongoni. Na angalieni magurudumu. Hizi za umbo la skuta zina ringi ndogo za inchi 10 au 12. Boxer ina ringi za inchi 17. Kwenye shimo la barabara ya ndani ya Yombo au Buza baada ya mvua, ringi ndogo inaingia yote. Abiria anaruka, shokapu zinagonga, na kama mota iko ndani ya ringi ya nyuma, kila pigo linaipata mota. Ningekaa pembezoni na nafanya biashara ya abiria, skuta ya ringi ndogo nisingeinunua hata kwa punguzo.

Na siku ikizima? Pikipiki ya petroli ikikauka, mwenzako anakuchotea nusu lita kutoka kwenye tangi lake, au anaweka mguu kwenye pikipiki yako na kukusukuma mpaka kituoni. Ya umeme mwenzako hawezi kukuchotea. Kusukumwa kwa mguu inasukumika, ila uliza kwanza kwa fundi, kwa maana mota nyingine huzalisha umeme zikizungushwa kwa kasi zikiwa zimezimwa, na hiyo inaweza kuiharibu kontrola.

Lakini abiria wetu wamepata neema moja ambayo haisemwi vya kutosha. Angalieni miguu ya wanawake wengi wa jiji hili, upande wa ndani wa kigimbi, muone yale makovu ya kuungua na bomba la moshi. Pikipiki ya umeme haina bomba la moshi. Mama akipanda na kanga yake, hana cha kukwepa isipokuwa gurudumu.

Sasa chaji. Hesabu ya muda ni rahisi: chukua ampea-saa za betri, gawanya kwa ampea zilizoandikwa kwenye chaja. Betri ya 45 na chaja ya 5 ni saa tisa. Chaja ya 10 ni saa nne na nusu. Ongeza nusu saa ya mwisho ambapo chaja hupunguza kasi. Soketi ya kawaida ya nyumbani inatosha, wala huhitaji umeme wa kiwandani. Ila chaja isichanganywe. Betri mbili zinaweza kuandikwa zote volti 72, moja ikajaa kwenye volti 84 na nyingine kwenye 87.6, kutegemea lithiamu ya aina gani na seli ngapi zimo ndani. Chaja ya volti 87.6 ikichomekwa kwenye betri ya 84, unategemea ulinzi wa ndani ya betri peke yake kuzuia balaa. Chaja ikifa, nunua ya namba zile zile, usikubali ya kuazima. Na usichajie mlangoni. Vyumba vyetu vingi vina mlango mmoja; kitu kikishika moto usiku pale mlangoni, watu hawana pa kutokea. Chajia barazani au uani penye paa, betri ikiwa imeshapoa.

Hapa ndipo linapokuja swali la nne.

Sehemu kubwa ya vijana wa bodaboda wanaishi nyumba za kupanga. Vyumba sita, vinane, ua mmoja, choo kimoja, LUKU moja. Kila mwezi wapangaji wanachanga fedha za umeme, na yule anayeingiza zile namba 20 za tokeni ndiye anayegundua kwanza kwamba mwezi huu umeme umeisha mapema. Tunajua vita vinavyotokana na pasi na friji. Sasa leta pikipiki inayokunywa yuniti nne na nusu kila siku ya kazi.

Twende na hesabu polepole, mwenye kalamu aandike. Nyumba iliyo kwenye daraja la D1 la TANESCO, lile la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi. Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya wakala wa umeme vijijini, REA, asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati, EWURA, asilimia 1, inakuwa 122. Kinachozidi 75 kinatozwa 350 kabla ya makato hayo. Na nyumba ikizidi mara kwa mara inahamishwa kwenda T1, ambako kila yuniti, kuanzia ya kwanza, ni 292, pamoja na kodi 356.

Kijana anayekwenda kilomita 100 kwa siku kwa kuchaji mara mbili, siku 26 kwa mwezi, anahitaji yuniti kama 117, ukijumlisha na zinazopotea wakati wa kuchaji. Pikipiki yake peke yake imevuka 75. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 70 na kulipa shilingi 8,540 sasa imehamishiwa T1, na zile yuniti 70 za wenzake, ambao hawajaongeza hata taa moja, zinagharimu 24,920. Majirani wameongezewa 16,380 kwa sababu ya pikipiki isiyo yao. Hapo mama mwenye nyumba atasema, mwanangu, hiki kidude chako kiondoke uani kwangu. Na atakuwa na haki.

Lakini subirini, hesabu haijaisha. Yule kijana akilipa yuniti zake 117 kwa 356, ni 41,652. Akilipa na ile 16,380 ya majirani ili pasiwepo mtu wa kunung'unika, jumla ni 58,032. Je, petroli ingemgharimu kiasi gani? Kwa kilomita 45 kwa lita, kilomita 100 ni lita 2.2. Bei hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na hupanda na kushuka. Tuiweke 3,000 ili tusihangaike. Ni 6,600 kwa siku, 171,600 kwa mwezi. Amewalipa majirani kwa haki, na bado amebakiwa na zaidi ya 113,000. Hajahesabu oili ya injini wala plagi ambazo hatazinunua tena.

Fedha hiyo isiliwe yote. Ndani yake mna betri ijayo. Chukua bei ya betri utakayotajiwa, gawanya kwa miezi 36, weka pembeni kila mwezi. Kama betri ni milioni moja na nusu, hiyo ni 41,667 kwa mwezi. Bado unabaki na zaidi ya 70,000 yako. Hesabu inalipa, nami naiamini. Tatizo ni kwamba leo haipigwi hivyo. Kijana anachomeka kimyakimya usiku, jirani anagundua, ugomvi unaanza, na pikipiki nzuri inauzwa kwa hasara kwa sababu ya uani. Kabla ya kuinunua, kaa na mwenye nyumba na wapangaji wenzako, wekeni mita ndogo kwenye soketi yako peke yako, kila mmoja aione namba. Mita hiyo ni kifaa kidogo, fundi wa umeme wa mtaani anaifunga kwa muda mfupi.

Wenzetu wamepita njia nyingine. Kigali, mji wa vilima kuliko sehemu yoyote ya Dar es Salaam, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme mwaka 2019 kwa kubadilishana betri: dereva anaingia kituoni, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka baada ya dakika chache. Kampala wana Zembo, Nairobi wana Spiro na wengine. Serikali ya Rwanda ikaona imefika mahali pa kuamua, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zinasajiliwa zikiwa za umeme tu. Mfumo huo unaliondoa kabisa swali la chumba. Betri haiji nyumbani, haimhusu mama mwenye nyumba, na ikichoka ni mzigo wa kampuni.

Unahitaji vituo vingi, hata hivyo, na vituo huanzia kwenye wateja wengi. Mtu wa Mabwepande au Mbande ambaye kituo chake cha karibu kiko kilomita tisa anatumia kilomita 18 kwenda na kurudi, katika zile 65 zake, kabla hajabeba abiria yeyote. Na umeshafungwa kwa kampuni moja. Ikipandisha bei au ikiondoka, pikipiki yako haina betri. Kwa hiyo uliza vituo viko wapi leo, usiulize vitakuwa wapi mwakani.

Na Dar es Salaam yenyewe haijakaa bure. Mradi wa SOLUTIONSplus wa Umoja wa Ulaya, ulioanza mwaka 2020, uliichukua Dar kuwa mmoja wa miji yake ya majaribio, ukazijaribu bajaji za umeme za kuwaleta abiria kwenye vituo vya mwendokasi. Wazo hilo ndilo ninalolishika. Barabara ya mwendokasi imefikishwa Mbagala, kilomita 20.3 za awamu ya pili. Abiria akibebwa na basi kwenye safari ndefu, kazi ya bodaboda inakuwa vipande vifupi: kutoka Rangi Tatu kwenda Charambe, kwenda Chamazi, na kurudi pale pale. Betri inapenda kazi ya namna hiyo. Pikipiki inarudi kijiweni kila baada ya kilomita chache, na kijiwe kina muda wake wa kupoa. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri abiria ni wachache, vijana wanalala juu ya siti, wanacheza drafti. Saa tano hizo zinatosha kuijaza betri ya 45 kwa chaja ya ampea 10.

Umeme wa kuchajia upo. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ianze kuwashwa mwaka 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115, ile hali ya mgao wa 2023 tumeisahau. Kinachokatika siku hizi mara nyingi ni waya wa mtaa au transforma iliyozidiwa. Kwa hiyo mnaochajia pamoja msianze na pikipiki kumi kwa wakati mmoja. Chaja ya ampea 10 huvuta karibu wati 950. Nne kwa zamu ni chini ya kilowati nne, mzigo ambao umeme wa njia moja unaubeba bila shida, nyaya zikiwa nene za kutosha na kila soketi ikiwa na breka yake.

Ninachokipendekeza kwa vijiwe vya Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju ni kwamba kijiwe kiwe na LUKU yake. Mwenyekiti wa kijiwe aende ofisi ya serikali ya mtaa, aombe eneo dogo na barua, apeleke ombi TANESCO kwa jina la kikundi kilichosajiliwa. Pajengwe kibanda cha bati, sakafu iinuliwe juu ya maji ya masika, soketi ziwe usawa wa kifua. Kila anayechomeka asomewe mita yake na alipe yuniti zake kwa bei ya T1. Hapo kijana wa chumba kimoja ataweza kumiliki pikipiki ya umeme bila kumuomba mtu ruhusa ya uani. Ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, nguzo ikiwa ndani ya mita 30, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022. Kikundi cha vijana kumi wakigawana, ni shilingi 32,096 kwa kila mmoja, ambayo ni pungufu ya fedha anazoziacha kwenye kituo cha mafuta kwa siku tano za kazi.